Vidole vya Mpiga Gitaa

14 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mbu wa chumba hiki wameshanizoea kama ndugu. Natumaini wewe na Mama mu wazima, na kwamba kwenye chumba cha kufulia hapo hotelini kwenu wameitengeneza ile pasi kubwa iliyokuunguza mkono. Baiskeli yangu imeibwa. Aliyeiiba namhurumia, breki haina.

Humu ndani kuna karatasi mbili. Ile iliyokunjwa ndogo ni ya Mama, msomee kwa sauti kama kawaida yako, majirani nao wapate habari. Hii ni yako peke yako. Nenda kaisomee chooni.

Haya, jambo lenyewe. Bendi yetu unaijua: Radi kwenye dramu, Kimya kwenye besi, Fundi Cherehani, yule binti mshonaji, kwenye kinanda, na mimi mwanzilishi kwenye gitaa. Tunajiita Oili Chafu, kwa sababu mazoezi tunafanyia kwenye gereji anakofanya kazi Radi. Vyombo tunavyo kwa jina tu. Radi anapiga madebe na mfuniko wa sufuria, besi ya Kimya imepungukiwa uzi, na gitaa langu shingo yake nimeifunga waya. Sasa, ukuta kwa ukuta na gereji kuna kanisa. Wameletewa vyombo vipya kabisa, dramu, kinanda, besi, gitaa, spika za kunifikia kifuani, na vyote vimefunikwa shuka jeupe kama maiti, maana hakuna anayejua kuvipiga. Kila nikipita dirishani moyo unaniuma. Basi nikawaambia wenzangu, jamani, tuokoke.

Radi alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Fundi akasema ni dhambi. Nikamwambia dhambi ni kuliacha gitaa jipya ndani ya sanda. Jumapili tukaoga, tukaenda, tukakaa mbele. Mchungaji alipowaita wanaotaka kumpa Bwana maisha yao nikasimama wa kwanza, wenzangu wakanifuata. Nilitoa hata machozi, Dada. Nilimkumbuka Baba makusudi ili yaje. Jumatatu shuka likafunuliwa.

Gitaa lile! Linaitika kabla hujaligusa vizuri. Lile langu la waya nimempa mtoto wa mwenye nyumba, ameligeuza farasi.

Mama nimemwandikia tu kwamba nimeokoka na sasa napigia kanisani. Sikuona namna nyingine ya kumweleza. Macho yake yanaendeleaje?

Mdogo wako


9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Pasi haijatengenezwa, nimejifunza kuikwepa. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu la nguo za Mama, na Mama amekataza watoto wake wasiguswe, kwa hiyo anavaa nguo zangu.

Karatasi yako nimeisomea ulikoniagiza. Nimecheka, halafu nimejilaumu kwa kucheka. Mungu si wa kufanyiwa masihara, hata na mimi ambaye sina la kusema juu ya kanisa, na sababu ninayo mwenyewe.

Ya Mama nilimsomea barazani. Siku hizi lazima nimpigie kelele sikioni, anasema sauti zote zinamjia kama za mtu aliye ndani ya pipa, hatofautishi ya huyu na ya yule. Nilipofika pale pa "Mama, nimeokoka" alinirudisha, nikasoma tena, akanirudisha tena, mpaka mwenye duka ng'ambo ya barabara akaitikia amina. Mama akainuka kitini bila kushikwa. Sijamwona akiinuka hivyo tangu tumzike Baba. Alizunguka ua mzima akishika kuta na kusema, "Kitindamimba wangu! Kitindamimba wangu!" Mimi nimesimama na barua yako mkononi, sijui nicheke au nilie.

Jioni aliniuliza jambo moja tu, kama ncha za vidole vyako bado zina sugu. Unakumbuka alivyokuwa akikushika mkono wa kushoto ukirudi nyumbani, akibonyeza kidole kimoja kimoja, akajua kama ulikuwa kwenye mazoezi au ulikuwa unazurura? Anasema siku ukija atavikagua tena. Mungu hapigiwi gitaa kwa vidole laini, ndivyo alivyosema.

Moto huu umeuwasha wewe. Ukitaka kuuzima, njoo uuzime mwenyewe, mimi sina ndoo.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nafurahi habari za paka. Hukunijibu kuhusu macho ya Mama.

Hapa mambo yameharibika, na yameharibika upande nisioutazamia. Radi ameokoka. Usicheke. Ameokoka kweli.

Tulipiga kwenye maziko ya mtoto mdogo wa pale kanisani. Wimbo ulipokwisha sisi tukaweka vyombo chini, Radi akabaki ameshika vijiti hewani. Kisha akaenda kukaa chini, karibu na mama wa marehemu, akalia naye kama yeye ndiye aliyefiwa. Tangu siku ile hajagusa pombe. Radi, Dada! Mtu aliyekuwa akinywa hata maji ya kusuuzia chupa. Baada yake akafuata Kimya. Miaka yote hii hatujamsikia akisema zaidi ya "sawa", na siku alipookoka alisimama akaomba mpaka mchungaji akatazama saa. Halafu Fundi. Yeye amepita nyumba kwa nyumba akirudishia wateja masalia ya vitambaa aliyokuwa akijiwekea kila akikata nguo. Mama mmoja alirudishiwa kitambaa cha kutosha sketi nzima. Badala ya kushukuru akamtukana mtaani, na Fundi akarudi anatabasamu.

Jina la bendi wamelibadilisha. Hatuitwi tena Oili Chafu, tunaitwa Mafuta ya Upako. Ningeweza kucheka kama lisingekuwa wazo la Radi, tena kwa dhati kabisa. Nyimbo zangu zile za mapenzi wameziondoa. Tunapiga nilizotunga juzijuzi za kanisani, ambazo nilizitunga kwa haraka, kama mtu anayepika ili wageni waondoke. Wao wanaziimba na machozi yanawatoka.

Na wanapiga vizuri kuliko zamani. Hilo ndilo linaloniuma. Radi alikuwa akikimbiza wimbo kila siku, sasa ametulia utadhani si yeye.

Nilijaribu, Dada. Usimwambie mtu. Nilipiga magoti nao kabla ya mazoezi, nikafumba macho, nikangoja. Nilichosikia ni mvumo wa spika yenye waya uliolegea. Nikafumbua jicho moja nikawatazama. Nyuso zao zilikuwa kama za watu wanaosomewa barua ya nyumbani. Niliwaonea wivu. Mimi ndiye niliyewapeleka pale, wao wameingia ndani, mimi nimebaki nimeshika mlango.

Karatasi ya Mama imo. Nimemwambia namwombea.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kazini wametuongezea zamu kwa sababu wageni wamejaa, mikono yangu inanuka sabuni hata nikila. Mama hajambo.

Anataka kufanya shukrani hapa nyumbani, uani. Anataka bendi ije impigie na mtaa mzima usikie kwamba mwanawe ameokoka. Mwenye duka ameahidi viti. Nilijaribu kumwambia mko mbali na mna shughuli, akaniambia mtoto haitwi na mama yake akasema ana shughuli. Nimemjibu mtakuja mwezi wa nane. Usinitie aibu.

Kuhusu kushika mlango: mlango ukishikwa sana na mtu asiyeingia, walio ndani husikia baridi. Watakuuliza siku moja. Jiandae.

Dada yako


11 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Mwenye nyumba amenunua jogoo anayewika mchana. Karatasi ya Mama leo haimo, na utaona sababu.

Jumapili moja mwezi uliopita, katikati ya ibada, Radi aliweka vijiti chini akaomba nafasi ya kusema. Nilidhani ni ushuhuda wa kawaida, nikawa nakaza nyuzi. Akasema, "Wapendwa, sisi tuliingia humu kwa uongo. Tulifuata vyombo." Fundi akasimama naye, analia. Kimya akasimama. Hawakunitaja, nisiwasingizie, walisema "sisi" tu. Lakini watatu walikuwa wamesimama na wa nne ameketi na gitaa mapajani, hata kipofu angejua.

Mchungaji hakukasirika. Alisema Mungu amewahi kuwaita watu kwa njia za ajabu zaidi ya hiyo. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa, akasema, "Na wewe, mwanangu?"

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, ndiyo. Mwezi wa kwanza nililisema bila hata kumeza mate. Safari hii nikafungua kinywa likakwama. Niliwatazama wenzangu, wamelowa machozi, na nikaona siwezi kuwadanganya tena watu niliokuwa nikidanganya pamoja nao. Nikasema, "Mimi bado. Nimejaribu, lakini bado."

Mchungaji akanishukuru kwa kusema kweli. Akasema nikae, niendelee kusikiliza, hakuna anayenifukuza. Nikadhani yamekwisha. Baada ya ibada Radi akaniita kwenye matangi ya maji nyuma ya kanisa. Radi niliyemfundisha mimi kushika vijiti!

"Kaka, tunakupenda," akasema. "Lakini hatuwezi kupiga mbele ya madhabahu na mtu asiyeamini."

"Nilipokuwa nadanganya nilifaa?"

"Wakati ule wote tulikuwa gizani."

"Na leo nimesema kweli."

"Ndiyo maana," akasema, akanishika bega. Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani.

Gitaa ni la kanisa, nimeliacha. Nafasi yangu amepewa Mrefu, mwanakwaya ambaye nilimwonyesha mimi mwenyewe pa kuweka vidole. Anapiga nyimbo zangu kama nilivyozipanga, hata kosa langu la kwenye ubeti wa pili analipiga vilevile. Nasikia kila Jumapili, maana siku hizi nafyatua matofali ya saruji kwenye kiwanja kilicho jirani na kanisa, na Jumapili tunafanya kazi.

Mama mwambie bendi haiji. Sema nina homa. Sema lolote.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Pasi imetengenezwa na paka wamehama kapuni. Hayo ndiyo mazuri. Sasa nisikilize.

Ungesema ndiyo. Najua utashangaa dada yako anakufundisha uongo. Mimi niliwahi kusimama mbele ya kanisa nikasema kweli yangu, tumbo likiwa bado halijaonekana, nikidhani kweli italipwa kwa huruma. Nilirudi nyumbani, na kesho yake wakaja kuchukua joho langu la kwaya, limeanikwa bado bichi kwenye kamba. Na mtoto mwenyewe hakukaa. Ulikuwa mdogo, uliambiwa nimeugua. Basi sasa unajua, na usiniandikie chochote juu ya hilo.

Umeandika "hata kipofu angejua". Kaa chini. Mama haoni. Jicho la kulia lilikwenda kabla ya barua yako ya kwanza, la kushoto likafuata mwezi wa tatu. Daktari wa macho alisema tumechelewa. Sikukuandikia kwa sababu Mama alinikataza. "Usimkatize mtoto," alisema, "ndiyo kwanza amempata Mungu." Na masikio nayo yamebaki ya kukisia. Kilichobaki kizima ni mikono, anashika kila kitu, anashika mpaka uso wangu nikirudi kutoka kazini aone kama nimechoka.

Kwa hiyo usiniambie niseme homa. Ameshaalika mtaa. Nimemwandikia yule Fundi Cherehani, mwanamke kwa mwanamke, nikamweleza hali ya Mama na nikamwomba asije mtu akamwambia kwamba huna bendi tena. Amejibu. Watakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mchungaji amewapa gari la kuletea vyombo.

Na wewe njoo nao. Hata kama ni kubeba spika, njoo.

Dada yako


9 Septemba

Mdogo wangu,

Siku hizi hata kuaga huagi? Gari limeondoka na wewe umekaa juu ya spika, sahani yako nimeifunika mpaka chakula kikachacha. Majirani hawakujui sura, tulihamia mtaa huu ukiwa umeshakwenda mjini, na wanauliza yule kibarua aliyeondoka bila kula ni nani. Nimewaambia ni kibarua. Ulitaka niwaambieje?

Najua unayoniwazia, kwa hiyo niyaseme mimi. Mama alipopaza sauti, "Nileteeni mpiga gitaa wangu", wewe ulikuwa umeinama umeshika waya. Nilikuangalia mikono. Nyufa mpaka kwenye viganja, saruji ndani ya kucha, na ncha za vidole zimebambuka zikabaki nyororo na nyekundu kama za mtoto mchanga. Mama angevishika, angeuliza, na angeuliza kwa sauti yake ile ya kiziwi mbele ya mtaa mzima. Ningejibu nini? Mrefu alikuwa amesimama karibu yangu na vidole vyake vilikuwa tayari. Nikamshika kiwiko, nikamsogeza kwa Mama. Basi. Sikupanga, na sijalala vizuri tangu hapo.

Lakini Mama analala. Anakula, anaimba peke yake. Ukitaka kunichukia nichukie, ila kwanza uje umwone anavyokula.

Dada yako


4 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, si kwa sababu moyo umetulia.

Sikuchukii. Nataka tu ujue nilichokiona mimi kule nyuma ya spika, maana wewe ulikuwa umenipa mgongo.

Ile spika iliyokuwa karibu na kiti cha Mama niliisogeza mimi. Niliona hasikii, nikajua akiigusa ataupata wimbo. Na kweli, aliweka kiganja juu yake, na kila besi ya Kimya ilipopiga alitabasamu. Wimbo ule ulikuwa wangu. Nilisimama pale nikijiambia, haidhuru, angalau unampitia mkononi.

Halafu ukamleta Mrefu. Akapiga magoti. Mama akashika mkono wake wa kushoto akabonyeza kidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo, kama alivyokuwa akinifanyia mimi. Akacheka. Akasema, "Hajazurura." Kisha akamwekea mikono kichwani. "Baba yako hakuacha kitu cha kukurithisha, nami sina. Nakupa maneno. Uliko Mungu awepo. Ukianguka, usikose mkono wa kukuinua. Na kilichokutoka kikurudie." Wewe umeyasikia. Maneno yale yalikuwa yangu, Dada. Mama hana mengine.

Mrefu aliniangalia. Hakuwa na furaha, nampa haki yake, alikuwa kama mtu aliyevalishwa koti la watu. Nikamtazama Radi. Radi huyu asiyeweza kupiga na mwongo mbele ya madhabahu. Alijua, Fundi alikuwa amemsomea barua yako. Akafumba macho akasema amina. Kimya akasema amina. Fundi alitazama viatu vyake. Uongo wa kuchukua vyombo vya kanisa waliutubu kwa machozi. Uongo wa kumchukulia mtu mama yake wakauitikia amina.

Na mimi nilifanya nini? Nilikuwa na waya mkononi. Spika tu ndiyo iliyokuwa kati yangu na Mama. Ningeiruka. Badala yake nikaendelea kuukunja waya ule hata kabla wimbo wa mwisho haujapigwa. Mchungaji aliwahi kutuhubiria habari za baba mzee asiyeona, na baraka iliyokwenda kwa mwana mwingine. Siku hiyo sikusikiliza vizuri, nilikuwa nakaza nyuzi.

Garini Mrefu alitaka kunipa mkono. Sikuupokea.

Nitakuja mwenyewe, bila gari na bila bendi. Nitamwambia Mama yote. Akinilaani, laana nayo ni ya kwangu.

Mdogo wako


2 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Njoo.

Mimi nimejaribu kumwambia nikashindwa. Kila nikianza ananiomba nimsomee tena ile karatasi yako ya mwezi wa kwanza. Mchana niko kazini, yeye hushinda barazani, ufunguo uko kwa mwenye duka. Mkiwa wawili itakuwa afadhali. Mwambie utakavyomwambia, ila uwe umemaliza kabla sijarudi. Sina kifua cha kuliona hilo.

Dada yako


12 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Najua ulirudi kutoka kazini ukakuta kikombe cha chai na mfuko wa machungwa, mimi sipo. Nakueleza.

Mama alikuwa barazani amevaa sweta ya Baba. Nilikaa chini miguuni pake. Akanusa saruji hewani akasema, "Karibu, fundi. Umekuja kwa ule ukuta wa choo?" Nikamwinamia sikioni nikapaza sauti, "Mama, ni mimi." Akauliza mimi nani. Nikasema, "Kitindamimba wako."

Alisikia, Dada. Usije ukasema hakusikia. Uso ulimchangamka wote, akanyoosha mkono, nikampa wa kushoto. Akabonyeza kidole kidogo. Akabonyeza cha pili. Uso ukaanza kukunjamana. Akarudia cha kwanza. Kisha akaurudisha mkono wangu mapajani pangu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani kilicholetwa kwake kwa makosa.

"Usinitanie, baba," akasema. "Mimi ni mtu mzima. Mwanangu alikuja hapa, nilimshika mwenyewe, vidole vigumu kama kokwa. Wewe una mikono ya saruji, na si aibu, ni kazi. Lakini usichukue jina la mtu."

Nikamweleza yote. Nilipiga kelele sikioni mwake habari nzima, gereji, shuka jeupe, mimi kusimama wa kwanza, Radi, matangi ya maji, spika, Mrefu. Mwenye duka alitoka nje akasikiliza kidogo, akainamisha kichwa, akarudi ndani. Nilipomaliza nalia kama mtoto. Mama alikuwa amesikiliza vizuri, ameinamisha sikio. Akapapasa mpaka akalipata bega langu, akalipigapiga.

"Pole sana," akasema. "Dunia ina mambo. Na huyo kijana unayenisimulia, mama yake yuko wapi?"

Akaniambia nijimiminie chai. Nilikunywa, nikaenda kuutazama ukuta wa choo, na kweli una ufa. Nimeuziba. Nilipoaga akanishika mkono tena, safari hii bila kutafuta kitu. "Wewe unatoka mjini," akasema. "Ukimwona mwanangu, utamjua, anapiga gitaa kanisani, mwambie mama yake anakula vizuri. Mwambie asiache." Nikasema nitamwambia.

Sikukungoja kwa sababu ningekulilia, na wewe umeshalia vya kutosha humo ndani bila mimi kujua.

Ukuta usiumwagie maji kwanza, ukauke. Karatasi ya Mama imo. Msomee kwa sauti, majirani nao wasikie.

Mdogo wako


*Karatasi ya Mama*

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao kitindamimba sijambo kabisa. Ujumbe wako nimeupata, yule fundi wa saruji ameufikisha kama ulivyomtuma, hakupunguza neno. Ameniambia unakula vizuri na nimefurahi sana.

Sijaacha, Mama. Bendi inaendelea vizuri, tunapiga kila Jumapili, na vidole vyangu bado vina sugu. Maneno uliyonipa siku ile nimeyashika.

Fundi yule anasema ulimkaribisha chai. Hana mama karibu. Akija tena, Mama, usimnyime mkono.

Mwanao,
mpiga gitaa